Samurai Aliyeachwa Hai

"Huyu mwandishi ni mwizi! Mwizi mwenye kipaji, sikatai, lakini mwizi!"

Sauti alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la miwani, simu mkononi, macho yanamng'aa kama mtu aliyekamata jambazi peke yake. Upande wa pili wa kaunta, mpenzi wake, fundi miwani, alikuwa anakaza skrubu ya fremu ya mteja. Bisibisi ikamteleza.

"Mwandishi gani tena?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Huyo anayejiita Kivuli! Wa kile kitabu ulichonipa, *Abiria wa Kiti cha Nyuma*. Lenzi, sijasoma riwaya ya upelelezi tamu vile. Sikula, sikuoga. Halafu leo asubuhi napiga mswaki, ikanijia pap! Hadithi hii naijua. Hii ni *Daraja la Theluji*!"

"Ndiyo nini hiyo?"

Sauti akavuta kiti. Mtu ukimuuliza habari za filamu, umemkaribisha kukaa. Ndiyo ilikuwa kazi yake na ndiyo ilimpa jina: alitafsiri filamu za kigeni, amejifungia kwenye chumba chenye kuta za sponji, anaigiza kila mhusika, kuanzia jitu lenye panga hadi bibi kikongwe, na farasi akikohoa, anamkoholea. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi kama siafu. Yeye na Lenzi, kama alivyozoea kumwita, walijuana siku alipoikalia miwani yake mwenyewe akaileta dukani ikiwa vipande. Walikuwa wanakaribia mwaka wa mapenzi.

"Ni filamu ya samurai, ya zamani, nyeusi na nyeupe," akasema. "Samurai asiye na bwana anakodiwa amvushe mjane milimani. Anaambiwa anampeleka penye usalama. Katikati ya safari anagundua waliomkodi ndio waliomuua mume wa yule mama, na penye daraja wanamsubiri wammalize na yeye. Sasa angalia kitabu. Polisi aliyefukuzwa kazi anaendesha teksi. Anakodiwa ampeleke mwanamke shahidi mahakamani, mji wa mbali. Waliomkodi ndio wauaji. Daraja lipo. Hata kiatu kipo!"

"Kiatu?"

"Samurai anasikia maadui wanakuja. Badala ya kuchomoa upanga, anapiga goti, anamfungia mjane kamba ya ndara iliyokatika. Kimya. Hata muziki hakuna. Na dereva wa kitabuni naye anapiga goti anamfunga shahidi kamba ya kiatu, huku magari yanakuja. Nani atanidanganya kwamba hiyo ni sadfa tu?"

Lenzi akaweka fremu chini.

"Labda mwandishi hajawahi kuiona hiyo filamu."

"Hakuna cha labda. Nimeshairusha."

"Umerusha nini?"

"Video. Sikiliza." Akabonyeza simu, na sauti yake nzito ikajaa dukani: "Ndugu zangu, tumeibiwa mchana kweupe..."

Kabla haijafika mbali, simu ya Lenzi ikaita. Akatazama jina, akasita, akapokea. Mpigaji alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba hata vioo vya dukani vilisikia.

"Kivuli! Umeiona hiyo video? Simu yangu haikai mezani! Wenye maduka wananiuliza mimi mchapishaji kama nauza mali ya wizi. Niambie ukweli, Kivuli, uliiba?"

"Sijaiba," Lenzi akajibu polepole.

"Basi niletee maelezo ya kueleweka wiki hii, la sivyo nakiondoa kitabu sokoni. Naipenda kazi yako, lakini jina la kampuni nalo nalipenda."

Simu ikakatika. Sauti alikuwa amesimama.

"Amekuita nani?"

"Umesikia."

"Kivuli ni wewe?"

"Mwizi ni mimi, ndiyo."

"Lenzi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka usome kitabu, usinisome mimi. Ungejua ni changu ungekisifia hata kama kimeoza. Nilikuwa nangoja uniambie kama ni kizuri, ndipo nikwambie ni cha nani."

"Naifuta sasa hivi."

"Ukiifuta watasema umehongwa. Iache. Ila nisikilize mimi." Akamtazama usoni. "Hiyo filamu sijawahi kuiona. Hata jina lake nimelisikia leo. Nakuapia kwa mama yangu mzazi."

Sauti akafungua mdomo. Akaufunga. Kichwani mwake kiatu kilikuwa kinafungwa mara ya pili, mjane mmoja, shahidi mmoja, daraja lilelile. Kunyamaza kwake hakukuwa kwa muda mrefu, lakini mwanamke anayempenda mtu husikia hata pumzi iliyochelewa.

"Umenyamaza," Lenzi akasema.

"Nilikuwa nafikiri tu..."

"Ulikuwa unanipima. Mimi hapa nawapima watu macho, nakijua kipimo nikikiona."

"Lenzi, si hivyo..."

"Ondoka. Nina wateja."

Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

*

Jioni ile ujumbe ulikwenda mfululizo.

"Mpenzi, nisamehe. Nimekosea."

"Nipokelee simu hata kidogo."

"Kitabu chako ni kizuri. Hilo nalisema mbele ya yeyote."

Jibu likaja moja tu: "Uzuri wake sikuuliza. Niliuliza kama unaniamini."



Kesho yake mchana Sauti akapigiwa simu na namba aliyoiogopa kuliko zote. Mama yake Lenzi. Mama huyu alikuwa mshonaji wa mapazia aliyestaafu, mpole ukimsalimia, pilipili ukimkera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe kijana, umemfanya nini mwanangu? Kazini hakwenda, chai hajanywa, amejifungia chumbani. Nikimuuliza, ananiambia, 'Mama, nimeitwa mwizi.' Mwizi wa nini? Kwangu hapatoki mwizi!"

Sauti akaeleza, anatafuna maneno. Mama akamkatiza.

"Mimi kusoma herufi zinanichosha, hicho kitabu sijui kinasema nini. Lakini sinema naweza kuangalia. Njoo nayo hapa. Mtu akimtuhumu mwanangu, alete ushahidi sebuleni kwangu niuone kwa macho yangu."

*

Sauti akafika na kompyuta yake kwapani, kama mshitakiwa aliyebeba kiti chake mwenyewe. Mama akamwonyesha meza, akasogeza rundo la nguo zilizopigwa pasi, akaketi na sinia la maharage ya kuchambua. Mlango wa chumba cha Lenzi ulikuwa umefungwa.

"Washa," mama akasema.

Theluji ikajaa kwenye kioo. Kwa mbali, kidoa cheusi kikawa kinakuja, kikawa mtu, akawa mwanamume mwenye kofia ya majani na upanga kiunoni. Anatembea. Anatembea tu, na huwezi kutoa macho.

Mkono wa mama ukasimama juu ya maharage.

"Huyu namjua," akasema.

"Unamfahamu mwigizaji, mama?"

"Nyamaza. Sasa hivi atafika kwenye nyumba ya wageni, watamuuliza kwa nini hauzi upanga wake apate kula. Atawaambia upanga haulali njaa, anayelala njaa ni mwenyewe."

Samurai akaingia kwenye nyumba ya wageni. Akaulizwa. Akajibu, na tafsiri ya Sauti mwenyewe, aliyoirekodi zamani, ikatoka kwenye spika karibu neno kwa neno.

"Mama! Uliiona wapi filamu hii?"

"Kazini." Mama akacheka peke yake, ghafla kama msichana. "Kabla sijaolewa nilikuwa nawaelekeza watu viti kwenye jumba la sinema, na kufagia wakitoka. Kulikuwa na bwana mmoja anasimama pembeni na kipaza sauti, anatafsiri, kama wewe. Hii ilioneshwa wiki baada ya wiki, watu hawaichoki. Jamani, huyu mwanamume! Hasemi, hajisifu, kazi yake macho tu. Nikirudi nyumbani namwona hata kwenye sufuria."

"Na hukuwahi kumwambia Lenzi?"

"Nilimwambia kila usiku! Alikuwa halali mpaka nimhadithie mlinzi na yule mama mjane. Alipokua kidogo nikabadilisha, mlinzi nikampa baiskeli, nikampa gari, ili mtoto aelewe."

Mlango wa chumba ukafunguka. Lenzi alikuwa amesimama na kanga begani, macho yamevimba.

"Mama. Ile hadithi... ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Miaka yote nilidhani ni hadithi ya bibi!"

"Nani alikwambia ni ya bibi? Hukuuliza. Mtoto akibembelezwa, anauliza wimbo umetungwa na nani?"

Lenzi akaja taratibu, akakaa kwenye mkono wa kochi, mbali na Sauti, macho kwenye kioo. Wakafika kwenye ndara. Maadui wanashuka mlimani, ukungu unapumua, na yule mwanamume anapiga goti kwenye theluji, anaunganisha kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mjane anamtazama utosini. Hakuna neno.

"Ee Mungu," Lenzi akanong'ona. "Mimi pale niliandika kurasa nne. Yeye hakusema kitu, na kasema vyote."

Mapigano yakaanza darajani. Mama akaweka sinia chini, akashika magoti yake.

"Hapa ndipo nilipokuwa naishia," akasema. "Meneja ananikonyeza, nenda kafungue milango, watu wanatoka. Mwisho wake sijawahi kuuona. Nasikia tu makofi nikiwa nje na ufagio."

Wakatazama, wote watatu. Samurai akapigana mpaka daraja likawa kimya. Mjane alikuwa ameshavuka, anatembea, hageuki, kwa sababu alimwambia asigeuke. Nyuma yake yule mwanamume akaegemea nguzo, amesimama, na theluji ikaanza kukaa mabegani mwake bila yeye kuipangusa.

Mama akasubiri. Akasubiri tena.

"Mbona hajipangusi?"

"Amekufa, mama," Sauti akasema kwa upole.

"Amekufa?" Mama akasimama. "Amekufaje? Miaka yote hii mimi nimemwacha hai!"

Machozi yakamtoka waziwazi, mwanamke mzima, kwa ajili ya mtu wa kwenye kioo. "Na huyu mwanamke, hata hageuki! Kwangu aligeuka. Aliona haiwezekani, akarudi, akaokota mkuki, akasimama mgongo kwa mgongo na mlinzi wake, wakawashinda. Ningemlazaje mtoto na maiti?"

Lenzi akamkumbatia. Sauti akawa anamtazama Lenzi juu ya bega la mama yake.

"Kwenye kitabu," akasema, "shahidi anashika usukani, anarudi kinyumenyume kumfuata dereva. Nilipofika hapo nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Nilidhani mwizi kaharibu mwisho ili asijulikane. Kumbe mwisho ndio wako. Wenu."

"Basi nimeiba au sijaiba?" Lenzi akauliza.

"Mtu haibi cha mama yake," mama akasema, anajipangusa. "Anarithi."

"Ila na wewe, mama, ulikitoa kwenye filamu," Lenzi akasema.

"Na mwenye filamu alikitoa kwa nani? Yeye bibi yake hakuwa na mdomo?"

Sauti akacheka. Lenzi nusura acheke, akajizuia. Akageuka.

"La kitabu limeeleweka. La kwetu bado. Leo umeniamini kwa sababu mama amekuonyesha. Na siku nitakapoapa, mama hayupo, filamu hakuna? Nitaishije na mwanamume anayesubiri shahidi?"

Sauti hakujibu kwa haraka, na safari hii hakuwa anapima kitu.

"Nilikupima," akasema. "Sitasema sikukupima. Uliniapia, na mimi nikaanza kuhesabu ushahidi kama vile hunijui sikujui. Kosa langu hilo, halina tafsiri nyingine."

Akafunga kompyuta, akamuaga mama, akaondoka.

*

Jioni hiyohiyo ukurasa wa Sauti ukapata video mpya. Hakuweka muziki wala mbwembwe.

"Ndugu zangu, nilisema Kivuli ni mwizi. Nimekosea. Kabla sijaeleza, jueni jambo moja: Kivuli ni mwanamke ninayempenda. Kwa hiyo mna haki ya kutoniamini. Itazameni filamu, msome kitabu, mwamue wenyewe. Mimi nimerudia vyote viwili, na haya ndiyo niliyoyaona. Filamu ile inamjua mwanamume. Inajua anavyonyamaza, anavyobeba aibu yake bila kulalamika, na jinsi upanga wake unavyochomolewa mara chache ndiyo maana unatisha. Sijaona kazi ya mikono ya binadamu iliyo safi kuliko ile. Lakini mjane wake hatumjui. Maneno yake yote unaweza kuyaandika kwenye kiganja. Anabebwa kama kifurushi. Kitabu kimefungua kile kifurushi. Kwenye kiti cha nyuma cha teksi kuna mtu anayeogopa, anayewaza, anayemwona dereva kwenye kioo kidogo na kujiuliza, huyu ananipeleka wapi? Hadithi ni ileile, imehama kutoka kwenye macho ya mlinzi kwenda kwenye macho ya anayelindwa. Huo si wizi. Mtu alisimulia, mwingine akasikia, akaongeza alichokosa."

Maoni yakamiminika.

"Ama kweli mapenzi upofu."

"Leo samurai kajikata mwenyewe!"

"Nimeitafuta filamu. Nimelia. Sasa naomba kitabu kinapatikana wapi?"

Waliomkimbia hawakuwa wachache. Waliobaki wakaanza kubishana wao kwa wao, timu upanga na timu teksi, na mchapishaji, mtu anayejua kunusa, akampigia Lenzi.

"Kivuli, maelezo nimeyapata, na ni bora kuliko nilivyotegemea. Toleo lijalo tuweke ukurasa wa mbele, useme hadithi imetoka wapi. Na Jumamosi mchana nataka tuioneshe hiyo filamu ukumbini kwetu, halafu usome sura moja. Huyo bwana aje atafsiri papo kwa papo. Utakubali?"

Lenzi akakaa na simu mkononi.

"Ukurasa nakubali. Nitaandika mwenyewe. Na yeye... mwambieni aje."

*

Ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mama alikuwa mstari wa mbele, miwani mpya usoni, anawaelekeza watu viti bila mtu kumtuma. Sauti alisimama pembeni ya pazia na kipaza sauti. Akawa samurai, akawa mwenye nyumba ya wageni, akawa majambazi watano wanaogombana, watu wakavunjika mbavu.

Mjane akatokea. Kwa kawaida Sauti alimsemea kwa sauti nyembamba ya puani, na wasikilizaji walikuwa wanaisubiri wacheke. Mjane akafungua midomo. Sauti akashusha kipaza sauti, akatembea mpaka alipokaa Lenzi, akampa.

"Huyu wewe ndiye unayemjua," akanong'ona.

"Sijawahi kufanya hivi!"

"Maneno yake machache. Sema unavyomsikia."

Lenzi akasimama. Kwenye kioo mjane alimwuliza mlinzi wake jambo. Lenzi akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, yenye mkwaruzo:

"Unanipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mpaka mwisho walipokezana kipaza sauti kimoja, na kila mara mjane aliposema, watu waliinama mbele kumsikia. Pale darajani, mjane anapovuka bila kugeuka, mama mmoja nyuma akashindwa kuvumilia: "Geuka basi, dada!" Na mama yake Lenzi akamjibu kwa nguvu: "Ngoja kitabu, mwenzangu! Kitabuni anageuka!"

Baadaye, watu walipopanga foleni ya kununua, Lenzi akamfuata Sauti nje, kwenye ngazi za nyuma, alipokuwa anakunja waya.

"Umepoteza wafuasi," akamwambia.

"Wengi."

"Inakuuma?"

"Kidogo. Ile ya wewe kutonijibu iliniuma zaidi."

Lenzi akakaa kando yake.

"Nikikuapia tena jambo lisiloaminika?"

"Nitakuamini kwanza. Maswali nitauliza baadaye, tukiwa tunakula."

"Na nikiandika kitabu kibaya?"

"Hapo nitakwambia ni kibaya. Ila nyumbani, si hadharani."

"Nyumbani kwa nani?"

Sauti akaacha waya. "Kwetu. Ukinikubali. Lenzi, nataka kukuoa. Nilipanga maneno mengi, yote yamepotea."

Lenzi akamtazama, kisha akaegemeza kichwa begani kwake.

"Walete wajomba zako. Mama ameshaanza kushona mapazia, na mimi sijamwambia kitu."

*

Wakaoana kabla mwaka haujaisha. Kitabu kikachapwa tena, na ukurasa wa mbele umeandikwa: *Kwa mama, aliyenisimulia, na kwa waliotengeneza filamu, ambao hawakujua mama anasikiliza mlangoni.*

Ukiwatembelea sasa utawakuta wanagombana, na ugomvi ni uleule.

"Filamu imekizidi kitabu," mke anasema. "Kile kimya cha kwenye ndara, hata nikiishi miaka mia siwezi kukiandika."

"Unajidharau bure!" mume anapandisha sauti. "Kitabu ndicho kikubwa. Filamu inakupa mtu wa kumheshimu, kitabu kinakupa mtu wa kuishi naye."

"Wewe ni mume wangu, shahidi wa upande mmoja."

"Na wewe ni mwandishi mwenye aibu!"

Wakishindwana, humgeukia mama, ambaye huwa kimya pembeni na nguo yake ya kushona.

"Mama, sema wewe. Filamu au kitabu?"

Mama hukata uzi kwa meno, akawatazama kwa huruma.

"Vyote vizuri," husema. "Ila nilivyokuwa naisimulia mimi, mlikuwa hamjaiharibu."